Mark Four na Posa Isiyo na Mshenga

Dola elfu moja, mia sita na arobaini. Ndiyo gharama ya jambo lote, mwanangu, na nimeihesabu mara mbili. Bunduki mia tisa na themanini. Kabati la chuma la kuifungia, mia nne na ishirini. Mia mbili na arobaini zilizobaki zililiwa na leseni, kozi ya usalama na ada ya klabu. Aibu sikuitia humo, maana aibu haitolewi risiti.

Ile siku iliyoanzisha yote naikumbuka vizuri kwa sababu niliimaliza nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi. Nilikuwa kijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, kuruta mwenye masikio makubwa na suruali ya kuazima. Tulipewa SAR, zile bunduki za nusu-otomatiki: ukivuta kidole inatoka risasi moja, na nyingine tayari imejipanga mlangoni inakusubiri. Kwa kijana ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, kitu kile ni hatari kuliko pombe. Afande akasema tupige tano, kwa utulivu, halafu tungoje. Neno "utulivu" halijamtoka vizuri, mimi magazini yangu imeshakauka.

"Kuruta, nilisema ngapi?"

"Tano, afande."

"Umepiga ngapi?"

"Sijui, afande."

"Hujui. Bunduki inajua, nyasi zinajua, wewe uliyevuta kidole hujui. Zilikuwa kumi. Nenda ukaniletee maganda yake."

Nilitafuta mpaka jua likachoka. Nikapata tisa. La kumi sijalipata mpaka leo, au tuseme mpaka pale nitakapokufikisha mwisho wa habari hii. Tangu siku ile nahesabu kila kitu mara mbili: chenji, mayai, ngazi za nyumba, hata watoto wangu tukishuka kwenye treni, na watoto wenyewe ni mmoja.

Sasa ruka nami miaka mingi na bahari moja, tufike Sydney, kwenye korona. Mwaka ule watu waliponunua karatasi za chooni kama wanaoweka akiba ya mahindi, mimi nilikuwa naendesha foklifti kwenye ghala la karatasi hizohizo. Wenzangu wengi walikatiwa saa za kazi. Mimi niliongezewa mpaka nikaona haya kusema kanisani. Mwanamume mwenye hela ya ziada na pa kwenda hana, mwanangu, huanza kukumbuka ujana wake. Wengine hununua pikipiki. Mimi nilitaka SAR yangu.

Nikaenda kwenye duka moja la bunduki upande wa magharibi. Muuzaji, jamaa mwenye ndevu na barakoa iliyoshindwa kuzifunika, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kistaarabu. Akaniambia za namna hiyo serikali ilizinunua kwa wananchi zamani na kuzisaga vyuma chakavu. Leo raia wa kawaida hapewi, hata awe na machozi. Lakini alikuwa na Mark Four ya jeshi la zamani, ileile waliyobeba polisi wetu tulipokuwa wadogo. Mbao yake imekolea rangi ya chai ya rangi. Hiyo si nusu-otomatiki. Kila risasi lazima uikoki mwenyewe kwa mkono: rudisha komeo nyuma, lisukume mbele, ndipo upige tena.

"Hiyo ni kazi mbili kwa risasi moja," nikamwambia.

"Ndiyo maana iko halali," akajibu.

Leseni ilichukua miezi, na klabu ya kulenga shabaha ikanipokea, na polisi wakaja kukagua kabati lilivyofungwa ukutani. Siku ya kwenda kuichukua bunduki nilikuwa nimejiandaa kwa lililobaki, yaani bei. Nikataja mia saba. Akasema mia tisa na themanini. Nikataja mia saba na nusu, nikagusa mahali palipokwaruzwa kwenye mbao, nikasikitika. Akasema mia tisa na themanini. Basi nikafanya kile ambacho kila mtu aliyelelewa sokoni anakijua: nikashusha pumzi, nikasema asante ndugu yangu, nikaelekea mlangoni polepole, nikimpa nafasi ya kuniita.

Hakuniita.

Nilisimama nje ya lile duka nikijifanya nasoma tangazo la kukaa mbali mita moja na nusu. Nikalisoma mara mbili. Kisha nikarudi ndani, nikalipa mia tisa na themanini. Kwa huruma akanitupia mkanda wa kubebea. Mama Kelvin, mke wangu, alipoona mkanda akauliza huo nao ni bei gani. Nikasema bure. Akasema, "Basi nusu ya akili yako imerudi."

Somo nilikuwa nimeshapewa pale mlangoni, ila nilidhani linawahusu wazungu tu.

Mwanangu wa kuzaa, Kelvin, wakati huo alikuwa amempenda binti wa Kirundi anayeitwa Espe, mfanyakazi wa ofisi moja Parramatta, binti mwenye salamu ndefu na kicheko kifupi. Baba yake, Mzee Zakaria, alikimbia kwao akaishi kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na sasa anafua shuka kwenye nyumba ya kulea wazee. Mtu mpole. Akikusalimia anakushika mkono kama anayepima uzito wake. Ikafika siku ya kupeleka posa.

"Chukua mshenga," Mama Kelvin akaniambia. "Mzee Mutiso yupo, kila mtu anamtumia, Wakenya kwa Watanzania."

"Mutiso anataka shati jipya na nauli."

"Si umpe?"

"Kazi ya mshenga ni kuongea, mama. Kuongea mimi ninakujua bure."

Rahisi ghali, walisema waliotutangulia. Nikaenda mimi na Kelvin, wawili tu.

Nyumbani kwa Zakaria tulivua viatu, tukapakwa dawa ya mikono mlangoni, tukapewa Fanta. Mazungumzo yakaenda kama maji ya mtaroni. Mahari tukasikilizana mapema kuliko nilivyopenda, maana nilikuwa bado na hoja tatu sijazitumia. Kelvin akaanza kupumua. Ndipo Zakaria akaweka glasi chini.

"Bon," akasema, ndiyo "haya" yao ya Kifaransa. "Ya mahari yameisha. Imebaki kitu kimoja, Baba Kelvin. Ile bunduki. Iko ndani ya nyumba?"

Nikamtazama Kelvin, Kelvin akatazama zulia. Vijana wakipendana hawana siri, hata za wazazi wao.

"Ipo, mzee mwenzangu. Imefungwa."

"Na binti yangu atakuja kukaa pale?"

"Mpaka wapate pa kupanga. Bei za nyumba unazijua."

"Basi mimi naomba..."

Mwanangu, hapo ndipo nilipofanya yale ya kwenye nyasi. Hakumaliza sentensi. Nikamfyatulia zote: kabati la chuma, bolti nne ukutani, funguo mbili, risasi kwenye sanduku lake mbali na bunduki, polisi wamekuja wameandika wameridhika, leseni hii hapa ina picha yangu, na kwa kweli mzee mwenzangu bunduki ile ni salama kuliko jiko lako la gesi. Yote kwa pumzi moja.

"Sijamaliza," akasema kwa upole.

Nami nikasikia "mia tisa na themanini." Nikaona huyu ananikazia bei. Nikashusha pumzi. Nikasema, "Kama ndivyo, basi labda watoto watafute baraka mahali pengine," nikasimama, nikaelekea mlangoni polepole. Nikavaa kiatu cha kushoto. Nikakivua, nikatoa kijiwe ambacho hakikuwemo, nikakivaa tena. Nikavaa cha kulia. Nikafunga kamba, nikafungua, nikafunga.

Hakuna aliyeniita.

Ndani ya gari Kelvin alihamia kwenye Kiingereza. Huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, na akifurahi ananijibu nacho. Akinikasirikia tu ndipo anakwenda Kiingereza na kufunga mlango nyuma yake. Alikaa huko miezi minne.

Nyumbani Mama Kelvin akanisikiliza akiwa amesimama, mwiko mkononi.

"Sasa ulitegemea nani akuite?"

"Zakaria."

"Mwenye binti amkimbilie mwenye mwana barabarani? Umeona wapi? Anayekimbia na kukurudisha ni mshenga. Ndiyo maana anapewa shati. Mshenga ndiye anayebaki ndani wewe ukitoka." Akageukia sufuria. "Umebana shati, umepoteza mkwe."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lina plasta.

Nilipanga kurudi wiki inayofuata. Wiki inayofuata Sydney ikafungwa. Mnakumbuka wenyewe: hakuna kutembeleana, na usitoke zaidi ya kilomita tano kutoka kwako. Zakaria anakaa upande wa kusini, mbali kabisa na tano zangu. Nikapima kwenye simu kwa barabara zote, nikapima tena, kilomita hazibishaniki. Nikampigia.

"Mambo ya binti hayasemwi kwenye simu, Baba Kelvin," akanijibu. "Lakini afya yako? Na kazi? Chanjo umepata?" Adabu tupu, mwanangu. Nilitamani anitukane.

Kwa hiyo tukakaa. Kelvin na Espe walionana kwenye kioo cha simu. Jioni nilimsikia chumbani akimwambia asubiri kidogo, asubiri tu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesubiri zaidi ya yule anayeombwa kusubiri. Espe alikuwa amemweleza wazi kwamba bila neno la baba yake haolewi. Mezani Kelvin aliacha nusu ya ugali, na kabati la chuma likakaa chumba cha wageni likitutazama kama mgeni asiyejua kuaga.

Nchi ilipofunguliwa, klabu ikafunguliwa nayo. Nilikwenda Jumamosi ya kwanza, nadhani kwa sababu niliona aibu kwenda kusini. Anayesimamia mstari wa wapigaji pale ni bibi wa Kizungu wa miaka themanini na ushee, tunamwita Bi Dot, mdogo kama kuku wa Krismasi aliyesahaulika mpaka Januari, kofia ya majani, sauti ya mkuu wa gereza. Nikalala kwenye mkeka, nikapiga, nikakoki, nikapiga, nikakoki, nikinyanyua kichwa kila mara kuona nimepata nini. Nilikuwa nimepata udongo.

Bi Dot akaja akasimama juu yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote, bibi."

"Mbona una haraka? Shabaha haina miguu." Akachuchumaa, magoti yakalia kuliko bunduki yangu. "Nimekuangalia. Tatizo lako si jicho wala mkono. Unapiga na kuondoka. Risasi haijatoka kwenye mtutu, wewe kichwa kimeshanyanyuka kwenda kutazama. Ukishapiga, baki hapohapo. Pumua. Ngoja usikie kilichotokea. Ndiyo maana hawa wazee waliweka komeo kwenye bunduki hii, likulazimishe kutulia."

Nikabaki nimelala pale muda mrefu. Mzungu wa mkeka wa pili akadhani nimeumia.

Jumapili nilimnunulia Mzee Mutiso shati. Bei kamili, kola ngumu, na sikuuliza kama kuna lenye dosari ndogo. Akalivaa palepale. Kwenye gari akaniambia, "Sikiliza, Baba Kelvin. Leo ukisimama kabla sijakuambia usimame, nitakukalia. Na mimi nina kilo mia na tano."

Zakaria alitupokea kama watu tulioachana jana. Fanta zilezile. Mutiso akafungua maneno kwa mafumbo yake, akaomba radhi kwa niaba yangu kwa namna ambayo hata mimi nilijionea huruma, kisha akanigusa goti.

Nikasema, "Mzee mwenzangu, mara ya mwisho ulisema 'Basi mimi naomba', nikakukatiza. Ulikuwa unaomba nini?"

Nikanyamaza. Maneno yalinijaa mdomoni, kabati, bolti, funguo. Mutiso akaegemea upande wangu kidogo, kunikumbusha kilo zake. Nikapumua. Nikabaki hapohapo.

"Nilikuwa naomba unipeleke niione," Zakaria akasema.

"Uione?"

"Niione ikipigwa. Mimi bunduki naijua kwa masikio, Baba Kelvin. Kule kwetu tulikuwa tunalala chini, watoto katikati, na mimi nahesabu. Moja, mbili, tatu. Lakini hesabu gani ile? Hukujua zimebaki ngapi. Ukinyamaza mlio, hujui imeisha au mtu anapumzika." Akazungusha glasi. "Binti atalala nyumba yenye kitu hicho. Nilitaka tu nikione mchana, mara moja, mpaka kiishe."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na huyu hakuomba hata unyasi ufyekwe. Aliomba kuutazama. Miezi minne ya mwanangu kula nusu sahani, kwa ombi la safari moja ya gari.

Tukaenda naye Jumamosi. Bi Dot alimpa vizibo vya masikio, akamketisha nyuma ya mstari, akamweleza kila kitu kwa Kiingereza cha polepole nami nikitafsiri. Nikapanga risasi kumi juu ya kitambaa. Zakaria akaja akazihesabu kwa kidole. Akarudi kukaa.

Ya kwanza ilipolia nilimwona kwa pembe ya jicho akijishika magoti kwa mikono yote miwili. Nikangoja. Sikukoki mpaka alipoachia goti moja. Ya pili, nikangoja. Ya tatu. Watu wa mikeka mingine walimaliza, wakaenda kunywa chai. Kwenye ya sita akawa anatazama mbele, kwenye shabaha. Kwenye ya tisa akasema kwa sauti, "Imebaki moja." Nikapiga ya kumi.

Bi Dot akaifungua bunduki, akamwonyesha tumbo lake tupu, akamwambia aingize kidole mwenyewe. Akaingiza. Kisha akainama kwenye mkeka wangu, akaokota maganda moja moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi sijawahi kuona mtu akiinama kwa raha vile.

"Kumi," akasema. Akahesabu tena. "Kumi. Zimeisha?"

"Zimeisha, mzee mwenzangu."

"Bon. Zimeisha." Akacheka, kicheko kifupi, na hapo nikajua Espe alikitoa wapi. Nikamsimulia habari ya yule kuruta na maganda yake tisa. Akachagua ganda moja, akaliweka kwenye kiganja changu, akanifunga vidole juu yake.

"La kumi hili. Mpelekee afande wako." Halafu, macho yake bado yako kwenye ngumi yangu: "Na sasa bunduki itoke ndani ya nyumba ya watoto."

"Itatoka," nikasema. Ulikuwa mkataba wa kwanza maishani mwangu niliokubali bila kupunguza kitu.

Siku hizi bunduki inatunzwa kwenye duka lile la yule mwenye ndevu, kwa ada ya kila mwezi. Niliuliza punguzo mara moja tu, kwa ajili ya heshima ya ukoo. Espe alikuja kwetu kwa shangwe na kanisa la Blacktown lilijaa mpaka mlangoni, barakoa zikiwa kidevuni kwa ajili ya vigelegele. Kelvin amerudi kwenye Kiswahili. Na mara moja kwa mwezi Zakaria hufuatana nami klabuni. Hapigi, hataki. Anahesabu zinazoingia na zinazotoka, na Bi Dot anasema hajapata karani bora.

Basi, mwanangu unayetaka kuoa, kuajiriwa, au hata kununua gari la mtumba, chukua hili ulitie mfukoni. Ulimi ulizaliwa nusu-otomatiki: neno moja likitoka, jingine lipo mlangoni. Uwekee komeo. Sema, kisha ubaki hapohapo usikie limetua wapi. Mtu akisema "naomba", mwache afike mwisho wa ombi lake. Huenda ni dogo kuliko hofu yako. Usiondoke mahali kwa matumaini ya kuitwa. Na kama shughuli ni ya watu, lipa mshenga, mpe na shati, usitafute lenye dosari.

Mungu akupe wakwe wanaohesabu mara mbili na kusamehe mara tatu. Akupe nyumba yenye kelele za watoto tu, na akiba ya pumzi kila unapofungua mdomo. Amina.

Sasa na mimi nishauri. Lile kabati la chuma limebaki chumba cha wageni, zito kuliko Mutiso, bolti nne ukutani, na mjukuu wangu anataka kitanda chake kiwekwe pale. Nililinunua mia nne na ishirini. Natafuta mia tatu na nusu. Nikulipe wewe ulitoe, au unilipe uliondoe? Taja bei. Ila tukishindwana usielekee mlangoni kwa madaha, maana safari hii mimi nitakuita.